Swichi ya Mtumba na Habari ya Kumwambia Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu tele, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba shemeji bado anakugombeza ukinyanyua mizigo. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Tangu juzi miguu haigusi chini.

Unajua nakaa mapokezi kwenye ofisi ya wauguzi wanaotoa ushauri kwa simu. Simu na kompyuta zetu zote zilikuwa zinapita kwenye swichi moja ya mtandao, kisanduku cha bei poa kisichojua kipi kitangulie. Mhasibu akituma mafaili yake mazito, sauti zinakatika. Tulikuwa tunacheka tu, mpaka siku muuguzi mmoja alipomwambia mama fulani kwamba mtoto asipewe ile dawa, na upande wa pili ikasikika apewe. Silabi moja tu, kaka! Bahati nzuri yule mama alirudia alichosikia kabla hajafungua chupa. Muuguzi aliweka simu chini akalia.

Nikamwambia bosi tunahitaji swichi inayoamrishika, ile unayoiingia kwa kompyuta ukaiambia simu zipite kwanza, mafaili yangoje. Akanitazama kama vile kiti cha mapokezi ndicho kilichoongea. Akasema mpya hatuiwezi, tukatafute mtumba.

Tukaenda kwa fundi mmoja wanayemwita Bi Nyaya, kwenye chumba chembamba kilichojaa mashine mpaka dirishani. Bosi akaipenda papo hapo swichi kubwa kuliko zote, inang'aa. Nikaomba iwashwe. Feni zake zikavuma kama mashine ya kusaga! Nikamuuliza bosi, muuguzi atasikiaje mgonjwa anavyohema? Ya pili ilikuwa kimya, lakini haikuweza kuzipa simu umeme kupitia waya, na pale mezani hatuna pa kuchomeka plagi nyingine. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo tupu, tena imefungwa kwa neno la siri la waliokuwa nayo mwanzo. Bosi akageuka aondoke.

Sijui ujasiri niliutoa wapi, nikamshika mkono. Nilikuwa nimekuja na simu moja ya ofisini kwenye mkoba. Bi Nyaya akabonyeza kitufe cha nyuma, swichi ikasahau kila kitu pamoja na lile neno la siri, nikaingia kwa kompyuta yake. Kisha nikachomeka simu tundu baada ya tundu, na ikawa inaamka bila plagi. Tundu moja tu lilikuwa limekufa, na hilo Bi Nyaya alilitaja mwenyewe kabla sijalifikia. Hapo ndipo nilipomwamini. Tukaichukua.

Juzi nikaifunga ofisini, nikaiamuru simu zitangulie. Nikamwomba mhasibu atume kila alichonacho, akatuma mpaka video ya harusi yake. Yule muuguzi aliyelia akanipigia kutoka chumba cha pili, akaninong'oneza, "Asipewe, asipewe, asipewe." Kaka, nilisikia kila "si"! Nikapiga kelele, ofisi nzima ikapiga kelele, hata mgonjwa aliyekuwa kwenye simu nyingine akauliza kuna nini.

Sasa kaa vizuri. Bi Nyaya alikuja kuona kazi, akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba najifunza mtandaoni wakati wenzangu wanakula. Akasema amechoka kufunga mitandao ya ofisi za watu peke yake, anataka mshirika. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Bosi nimeshamuaga, mwisho wa mwezi naacha mapokezi.

Mama hajui. Ameshawatangazia majirani kwamba binti yake anakaa ofisini kwa viatu virefu, na mimi naenda kutambaa chini ya meza nikivuta nyaya. Nakuomba umwambie wewe, maana wewe hakununii. Mwambie akiwa ameshiba. Usianze na habari ya kuacha kazi, anza na habari ya yule mtoto. Naogopa kidogo, sikufichi, lakini furaha ni kubwa kuliko woga.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie nimemkumbuka sana.

Ni mimi kitindamimba wenu,
Fundi