Chetezo Kisiwekwe Juu ya Kile Chuma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakushika miguu hata kama bado umenikasirikia. Nataraji barua hii itakukuta mzima, goti limepungua kuuma, na presha unaipima kama ulivyoelekezwa hospitali, si kwa kukisia. Mimi huku mwili haujambo. Baridi imeanza, navaa soksi mbili mbili, kula nakula. Roho ndiyo haijatulia, na sababu yake unaijua, maana juzi ulinikatia simu hata sijamaliza kusema.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Nitaipiga picha barua hii nimtumie Idrisa, naye akusomee uani baada ya Alasiri, wageni wakiwa wamepungua. Idrisa mdogo wangu, soma kila neno, usiruke kwa sababu mama amekunja uso. Na usianze kucheka.

Mama, najua nilikosea namna ya kuanza. Nyumba ina harusi, akina mama wamejaa uani wanachambua mchele, nami napiga simu natamka neno "bomu" mpaka waliokaa karibu yako wakasikia. Ukaniambia, "Rehema, ulimi wako una nuksi. Harusi ya mdogo wako unaitamkia mauti?" Kwa hilo niwie radhi. Kwa mengine naomba unisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua nusu. Nilikuambia nauza chai kwenye mgahawa. Sikukuambia kwamba mgahawa wenyewe umo ndani ya jumba la makumbusho ya meli za vita, hapa kwenye mji huu wa bandari wa Waingereza, kwa kuwa nilijua utasema nimekwenda kukaa na mizimu ya watu. Mgahawa uko chini. Juu kuna mizinga, nguo za mabaharia, na mifano ya meli ndani ya vioo. Kuna mama mmoja mtu mzima, jina lake Joani, anayewatembeza wageni na kuwaeleza. Baba yake alikuwa baharia wa jeshi. Ana magoti mabovu kama yako, na kila akimaliza kundi moja la wageni huja kwangu kunywa chai, akilalamika kuwa naijaza maziwa. Tumezoeana.

Wiki iliyopita alinichukua juu akanionyesha manowari moja, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwetu ni Bagamoyo. "Hii ilifika kwenu," akasema. Mfano wake ni wa kijivu, mrefu kama meza yetu ya kulia. Si katika zile manowari kubwa. Ilikuwa ndogo kiasi, ya mbio, wenyewe huiita kruza nyepesi. Joani alinihadithia maisha ya meli hiyo kama mtu anavyomhadithia shangazi yake. Ujana wake wote ilizunguka bahari za mbali, kwenye makoloni ya Mwingereza, kazi yake ni kupeperusha bendera na kupiga mizinga ya salamu. Ikazeeka, ikawekwa pembeni ikingoja kuuzwa. Vita vya kwanza na Mjerumani vilipowaka wakaifufua, wakaijaza makaa na mabaharia, wakaileta pwani yetu. Ikasaidia kuziba midomo ya mto Rufiji, ambamo manowari ya Mjerumani ilikuwa imejificha. Ikapanda na kushuka kati ya Dar es Salaam, Sadani, Pangani na Tanga, ikizuia chakula na silaha visimfikie adui. Halafu ikasimama na wenzake mbele ya Bagamoyo, ikaupiga mji, mabaharia wakashuka, Mjerumani akaondoka. Vita vilipokwisha ikarudi kwao imechoka, ikauzwa, ikakatwakatwa chuma chake kikayeyushwa.

Nilifurahi, mama. Huku watu wakiniuliza natoka wapi nasema Tanzania, halafu naongeza "karibu na Zanzibar" ili wapate kujua. Leo mji wetu unatajwa kwa jina lake. Nikajitapa. Nikasema sisi nyumbani tunalo kombora la hiyo meli. Nikamweleza lilivyomwangukia babu yake baba uani akiwa anatawadha, likazama mchangani karibu na kisima lisipasuke. Nikamweleza babu alivyosema kilichotumwa kuua kikakataa kuua ni mlinzi, akalisimamisha pale mbele ya chumba cha ndani, ncha chini na kitako bapa juu, akalijengea kwa chokaa mpaka kiunoni, likawa ndilo fingo letu, la kuikinga nyumba na shari. Nikasema tunavyolipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa. Na kwa furaha kabisa nikamweleza unavyoweka chetezo cha makaa na udi juu ya kichwa cha kile chuma, biharusi akasimama juu yake, miguu huku na huku, amefunikwa kanga, moshi ukampanda, na sisi tunaimba na kupiga vigelegele. Nikamwambia hata mimi nilifukizwa pale.

Joani hakucheka. Akaniuliza, "Kuna mtu aliyewahi kukitoa kilichomo ndani?"

Nikamwambia kilichomo ndani ni amani.

Akanishika mkono akanipeleka kwenye kioo kingine. Ndani yake kuna kombora lililopasuliwa katikati kama papai, watu waone tumbo lake. Karibu na kitako lina mkanda wa shaba. Mama, ni ule ule. Ule unaousugua kwa majivu na ndimu mpaka unawaka. Tofauti ni kwamba mkanda wa lile la kwao ni laini. Nikamwambia wetu una mikwaruzo iliyolala upande mmoja, na babu alisema ni alama za kucha za malaika aliyelidaka.

Joani akaweka kidole kwenye kioo. Akasema mikwaruzo ile hutokea kombora linapopita ndani ya mzinga. Maana yake limepigwa, na likishapigwa, kile kidude cha kulipasua kinakuwa kimeshaamka. "Hili la kwenu si zima wala si bovu," akasema. "Limekwama tu. Na baruti ya namna ile haigeuki udongo kwa sababu ya uzee. Nyingine uzee huzidi kuifanya kali." Akaniambia huko Ulaya wakulima mpaka leo wanakutana nayo mashambani wakilima, na wapo wanaokufa, katika vita ambavyo hata babu zao hawakuvipigana.

Nikamwomba Idrisa picha. Idrisa badala ya picha akanitumia video. Amechuchumaa pembeni ya chuma, ameshika koleo, analigonga huku anachekelea. "Sikia dada linavyolia. Limelala zamani hili." Nyuma yake wapwa zangu, wajukuu wa mama mdogo, wanatwanga, na kila mchi ukishuka ule uga unatikisika. Nilimwonyesha Joani. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, akaniomba niizime.

Tangu siku hiyo mawazo hayaniachi. Nakumbuka tulivyokuwa tukibanja kungu juu ya kile chuma, mimi na Idrisa na watoto wa jirani. Tunaweka kungu kwenye kichwa chake, tunapiga kwa jiwe, zikiruka tunazifuata, tunarudi kupiga tena. Wewe ukitugombeza kwa kuwa tunalichafua. Sauti ile naisikia nikiwa naosha vyombo. Nimeshavunja vikombe, na mkubwa wangu wa kazi ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina harusi nyumbani. Akanipa hongera.

Najua utakalosema, kwa sababu umeshalisema: "Maharusi wangapi wamefukizwa pale, nani amekufa?" Ukaongeza, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utarudi hapa hapa, ulikute linakulinda." Mama, sina jibu la kiburi. Ni kweli hakuna aliyekufa. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na huu mwiba si wa mguuni. Babu alifanya alichokijua. Alitishwa mchana kweupe ana maji ya udhu mikononi, akabaki hai, akashukuru. Shukrani yake ilikuwa ya kweli, nami sitaki kuikejeli. Aliyemlinda ni Mwenyezi Mungu. Kile chuma kilitumwa na watu wasiomjua hata jina. Meli yao imeshakuwa masufuria, mabaharia wote wamezikwa, vita viko kwenye vioo watu wanalipa kuviona. Aliyebaki kazini ni huyo mmoja uani kwetu.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya hilo. Baba alipofariki, nawe una watoto watatu na kila ndugu anakuambia uuze nyumba, nilikuwa nakuona unakaa pale chini unalipaka mafuta polepole, midomo inacheza, halafu unainuka unakwenda kukaanga vitumbua kama mtu aliyelala vizuri. Bibi alikukabidhi chuma kile ulipoingia nyumba hii ukiwa mgeni, nawe umekitunza kuliko waliozaliwa humo. Sasa mimi, mtoto wako, nakuambia miaka yote hiyo ulikuwa umekumbatia mauti. Najua linavyochoma. Nililia kabla sijakupigia. Lakini nguvu zile zilikuwa zako mama, na ukitoka hapo utatoka nazo.

Ijumaa ndiyo siku ya Zaituni, biharusi wetu. Nasema moja kwa moja, niache kuzunguka. Chetezo kisiwekwe juu ya kile chuma. Moto wowote usikaribie. Kinu kitolewe uani. Watoto wasicheze pale. Lisipakwe mafuta, lisifutwe, lisimwagiwe maji, na zaidi ya yote lisichimbuliwe. Idrisa, hapa nasema na wewe. Nakujua. Utataka kutusaidia sote kwa mpigo, utalifungia kwenye gunia, utalipakia kwenye bodaboda ukaliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mama asilione tena, na mimi ninyamaze. Kwa haki ya marehemu baba, usiliguse hata kwa kidole.

Zaituni afukizwe kule kijijini Zinga, kwa mama mdogo. Ua wake ni mpana, wakwe watafika kwa urahisi maana ni barabarani, na udi utanukia vile vile. Msalimie sana mama mdogo, umwambie nimemwomba atandike vitanda na asiulize maswali leo. Msalimie somo wa Zaituni anayemfunda, umwombe radhi kwa kumbadilishia mipango, najua ameshaandaa singo ya kumsugua na kila kitu. Wasalimie wapwa zangu, uwaambie wakatwange kwa jirani. Msalimie jirani mwenyewe, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, na ninaomba umwambie ukweli, kwa sababu ana mtoto mchanga. Na Zaituni mdogo wangu, usilie. Nilitaka nije nikushike mkono siku hiyo, ruhusa nikakosa. Hili ndilo ninaloliweza nikiwa mbali.

Mama, nimebakiza neno moja, na nimelizungukia tangu juu kwa woga. Kabla sijakaa kuandika nilimpigia mwenyekiti wa mtaa. Nimemweleza yote, na jina lako nimelitaja. Hakubisha. Amesema kesho asubuhi anakuja na polisi, nao watawaita wataalamu wa jeshi. Watazungushia utepe. Mtaa mzima utasimama barabarani kutazama, watasema nyumba ile ilikuwa inafuga bomu, na wakwe watasikia kabla hujapata nafasi ya kuwaeleza. Aibu hiyo nimekuletea mimi, wiki ya harusi, kwa makusudi, bila ruhusa yako. Sikungoja ukubali kwa sababu nilijua hutakubali, na nilijua Idrisa hataweza kusimama mbele yako. Ukitaka kunilaani, nakuomba ungoje mpaka Jumamosi, Zaituni akiwa kwa mumewe.

Wakigonga, usibishane nao mlangoni. Mshike Zaituni mkono, vaeni viatu, mtoke. Usirudi ndani kuchukua kitu chochote, mama, hata picha ya baba.

Mwanao, ukinitaka na hata usiponitaka,

Rehema