Nimepimwa Utumbo Nikapona, Kaka Anasema Baba Alipewa Sumu

Mama mshauri, mimi ni msomaji wako wa Kibondo, nauza maharage sokoni, nina miaka arobaini na mitatu, na nakuandikia nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, naomba unisaidie nisije nikampoteza kaka yangu kwa sababu ya aibu. Mwaka jana nilianza kuona damu kwenye choo kikubwa, nikajiambia ni bawasiri, nikanunua dawa ya mizizi mnadani, damu ikakata, ikarudi, nikanyamaza hata kwa mume wangu maana mambo ya huko nyuma nani anayaongea, mpaka siku nilipopata kizunguzungu nikadondoka sokoni na wenzangu wakanipeleka hospitali. Daktari, dada mmoja mpole aliyehamishiwa huku kutoka Lindi, akasema damu imepungua sana, kisha akaniuliza, "Kwenu kuna aliyewahi kuumwa tumbo?" Nikamweleza habari za baba, mzee Manirambona, alivyokonda, akafunga choo, akavimba tumbo, akafariki bila kupimwa. Akaniandikia rufaa kwenda Mwanza.

Huko walinipa dawa ya kuharisha ili utumbo usafike, wakanichoma sindano ya usingizi, wakapitisha mpira wenye kamera, na nilipoamka wakaniambia wamekuta vinyama kwenye utumbo mpana na wamevitoa palepale, na majibu ya maabara yalipotoka hakikuwa na saratani hata kimoja, ila vingeachwa vingeweza kugeuka. Mama, nilikaa nje kwenye benchi nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani, nikamwambia sijafiwa, nimepona.

Sasa daktari anasema ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe hata kama hawaumwi, na tumebaki wawili tu, mimi na kaka Sylvesta, ana miaka hamsini, analima Kagerankanda. Nikampigia simu. Akasema, "Herieth, mimi nashinda na jembe, ugonjwa uko wapi? Mtu mzima nikavuliwe suruali?" Nikamtajia baba. Hapo akakasirika. "Baba hakuumwa. Nkunzimana alimtilia sumu kwenye pombe." Nkunzimana ni jirani yetu, alikunywa na baba harusini kabla baba hajaanza kuumwa, na tangu msiba ule kaka hamsalimii. Akakata simu. Wifi yangu Claudine ananinong'oneza kwamba siku hizi kaka anakaa sana chooni na suruali zinampwaya. Nimwache kwa kuwa ni mkubwa wangu, au nimlazimishe tugombane?

Herieth, Kibondo

Herieth mdogo wangu,

Barua yako haikungoja zamu, nilikupigia siku ileile niliyoisoma. Niliyokuambia nayaandika hapa ili wengine nao wasikie.

Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kupona. Lakini nilikugombeza na narudia. Damu chooni si bawasiri mpaka daktari aseme ni bawasiri. Ulikunywa mizizi huku damu inakuishia mwilini. Na jambo zito kama hili humwambii kaka yako kwa simu, tena akiwa shambani. Nilikuambia upande gari uende Kagerankanda, ukae naye mbele ya Claudine, umsimulie wewe ulivyopimwa, usimhubirie. Kuhusu Nkunzimana nilikuambia usibishane. Mwambie tu kwamba baba hakupimwa, hatujui kilichomuua, na kutojua si ruhusa ya kumhukumu jirani wala sababu ya Sylvesta naye kufa bila kupimwa.

Ulikwenda. Ulinisimulia kwamba alikusikiliza, mwisho akauliza neno moja tu, "Inauma?" Nawe ukamjibu, "Kinachosumbua ni ile dawa ya kuharisha, kamera hata hutaiona." Claudine akacheka, naye akacheka, na wiki iliyofuata mlikuwa wote Mwanza.

Walimkuta na saratani. Ilikuwa changa, haijatoka nje ya utumbo. Wakakata kipande, wakaunga, na jana ulinipigia kunieleza kwamba yuko nyumbani, anakula, na kwamba yeye mwenyewe amemtuma Claudine akamwite Nkunzimana. Nilishusha pumzi kana kwamba ni kaka yangu.

Bado hamjamaliza. Nyote wawili mrudi kupimwa kila daktari atakapowapangia, hata mkijisikia wazima. Watoto wenu waambieni historia hii wangali vijana, ili wajue waanze kupimwa lini. Sylvesta asionjeshwe mizizi ya mtu yeyote.

Nawe unayenisoma Kasulu, Munanila au popote: ukiona damu, ukikonda bila sababu, choo kikibadilika kisirudi kawaida, nenda hospitali wiki hii. Ukifika miaka arobaini na mitano, ulizia kipimo hata kama huumwi, na kama kwenu kuna aliyeugua, usingoje kufika huko. Aibu iache nyumbani. Daktari ameshaona makalio mengi, yako hatayakumbuka.