Mstari Wangu Mmoja Umefika India

Jumanne. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Shajara, wewe huna mdomo, ndiyo maana nakwambia.

Mimi ni dresa, mfunga vidonda, wa hospitali hii ya Mbozi, na ndimi mkalimani wa bwana daktari, maana Kinyiha hakijui. Mwaka juzi alimpasua fuvu mchimba dhahabu wa mgodi wa Saza aliyeangukiwa na jiwe. Mtu akatoka kwa miguu yake, akarudi kwao Ihanda. Baada ya miezi mitatu nikatumwa kwa baiskeli nikamtazame. Sikufika. Niliishia njiani, kijiji cha Ruanda, kwenye pombe ya ulezi, nikaandika: "Mzima, analima."

Bwana akautia mstari huo kwenye gazeti la madaktari wa Ulaya. Leo asubuhi kanionyesha barua, furaha tele: daktari wa Nairobi kamnukuu. Wa India kamnukuu wa Nairobi, na anawashauri wenzake wapasue vivyo hivyo. Wasomi watupu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za yule mtu. Wote wananinukuu mimi niliyekuwa kilabuni.

Nilifurahi. Na wewe nikufiche?

Saa nne akaja mke wa yule mchimba dhahabu. Yeye na jamaa zake wamemleta shemeji yake, mdogo wa mumewe, naye kapigwa na jiwe kichwani huko huko Saza. Mama akamshika bwana mkono, akasema kwa Kinyiha: "Mume wangu alioza kichwa, hakumaliza mwezi. Huyu msimpasue. Mfungeni kidonda tu, tumrudishe kwa mama yake."

Bwana akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikisema kweli, kazi sina, na makala yake ni takataka.

"Anashukuru, bwana. Mumewe analima. Anaomba na huyu umpasue."

Bwana akatabasamu, akampigapiga begani. Maskini akadhani amesikilizwa, akapiga magoti kunishukuru mimi.

Mchana nilimshikilia mgonjwa kichwa, bwana akizungusha keekee ya kutobolea fuvu. Alikata roho kabla hatujamshona.

Bwana alinawa mikono, akasema hata kifo kinafundisha, ataandika, na safari hii jina langu litachapwa chini ya lake. Akaniuliza linaandikwaje. Nikashika kalamu, nikaliandika kwa mwandiko mzuri: langu, la baba na la babu.

Mama yule yupo barazani na machela ya miti, anangoja nimwambie wanaondoka lini na shemeji yake. Hajui kwamba tulimpasua, wala kwamba amekufa.

Chumba hiki kina mlango mmoja tu, nao unatokea barazani. Nitatokaje?