Kware hawatoki Jumamosi

Izigo, Alhamisi

Hapana, hawatoki. Balozi wetu wa nyumba kumi amekuta makinda yangu tisa ya kware jikoni, akataka niwahamishie bandani kwa wakubwa kabla ya ukaguzi wa usafi wa nyumba Jumamosi.

Nikamgeuzia mmoja aone: shingo haina manyoya bado. Banda linavuja; mvua isipomuua, madume watamdonoa kichwa.

"Waitu Mzee," akaniita kwa heshima, "hata sisi tulihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa siku moja. Tukazoea."

"Mlizoea ninyi mliosimamia. Mke wangu mlimpakia kwenye lori na homa yake, mvua ikinyesha. Tulimzika wiki hiyohiyo."

Akavaa kofia, akaondoka.

Naogopa atapeleka jina langu kwa mwenyekiti wa kijiji. Na apeleke. Makinda watatoka shingo zikishajaa manyoya, na wa kuzikagua ni mimi.