Uzi Mwekundu Shingoni mwa Bibi Harusi

Kwako mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu na watoto. Kifua chako kimeacha kubana? Usilale dirisha likiwa wazi, nilikwambia tangu zile mvua, nawe mambo yangu unayasikia kwa sikio hili na kuyatoa kwa lile. Na goti la wifi? Mwambie alikande kwa maji ya moto, asione aibu kukaa chini kazi zikamsubiri, kazi hazina miguu. Sisi huku ni wazima wa kula na kulala. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Utakuwa umeona nimesalimia kila mtu na sijauliza habari za mbuzi. Ni mara ya kwanza tangu tujue kuandikiana. Najua zizi ni tupu. Najua walivyokuja asubuhi na magari, wamevaa nguo nyeupe kama watu waliotumbukia kwenye pipa la unga, na kwamba mmoja wao, aliyejifunika akabaki macho tu, alikuwa mpwa wako. Ameniambia yote. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akaniambia kwamba uliwatolea viti kwanza, ukamwambia wifi ateleke maji ya chai, ukidhani wamekuja tena na chanjo. Hapo nikainuka, nikajifanya natafuta sufuria.

Sasa nataka usikie na upande wangu, maana najua wewe na yeye hamtazungumza tena hivi karibuni.

Kazi yake unaijua. Wewe ndiye uliyempa jina la Daktari wa Vinyesi, siku ulipomkuta ameinama kichakani anaokota mavi ya swala na kuyatia kwenye vichupa. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema tumemsomesha mtoto miaka yote hii aje ashindane na mende. Naye akacheka kukushinda. Basi kazi yenyewe ni kutafuta ugonjwa umetoka kwa nani umekwenda kwa nani, kama ni mnyama wa porini aliyeiletea mifugo, au ni mifugo iliyompelekea yeye. Sisi wote tumezoea kusema ubaya unatoka porini. Yeye anasema mara nyingi unatoka nyumbani kwetu.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya maabara, na mafriji yetu ni mawili. Moja lina nyanya zangu. La pili lina damu na kamasi za wanyama, nami nimekatazwa hata kuliegemea. Mwaka huu hilo la pili lilijaa, nyanya zangu zikabaki na nafasi ya kucheza. Kila akitoka mlimani anarudi na vichupa vingi na maneno machache. Swala wale wa mlima wenu walikuwa wanakufia majini, macho yamejaa tongo, midomo imeoza. Sotoka ya mbuzi, ule ugonjwa unaomaliza kundi zima. Aliniambia swala wa namna ile wamebaki mlima wenu na ule ulio nyuma yake tu, na kwamba wale wa nyuma bado wazima. Hao ndio aliokuwa anawapigania. Chakula alikuwa anakila amesimama.

Pale kwenye chemchemi alifunga kamera mtini, inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Jioni moja akazimwaga picha mezani, katikati ya maganda yangu ya viazi. Alitaka kujua ni mbuzi wa nani wanaokunywa pamoja na swala, maana wafugaji wanaoishi karibu ni wengi, na mbuzi ukimwona kwa mkia hana jina. Mimi nikachungulia hivi hivi, kwa umbea wangu. Nikamwona mbuzi mweupe ana uzi mwekundu shingoni, pua yake na ya swala zinagusana kama wanaoambiana siri.

Nilipiga makofi, mdogo wangu. Nikasema, huyu si Bibi Harusi wa mjomba wako! Uzi huu si niliufumua kwenye sweta lako la shule, nikamsukia mwenyewe! Nilifurahi kama niliyekuona wewe. Nikauliza mbona amekonda, wifi hampi pumba? Nilipoinua uso nikaona mwanangu hacheki. Akaniuliza kama nina hakika. Nami na domo langu nikamwonyesha mpaka fundo, kwamba hakuna mwingine duniani anayefunga fundo hivi isipokuwa mimi na marehemu mama.

Ndiyo maana alikuja kwako na pamba, akawafuta mbuzi pua, nawe ukamtania kwamba sasa amepanda cheo, ametoka kwenye mavi amehamia kwenye kamasi. Majibu yakatoka kwamba ugonjwa wa swala na wa mbuzi wako ni mmoja, kama mapacha. Sikulaumu kwa ile chanjo. Uliambiwa sindano inatoa mimba, ukaficha kundi korongoni ukawatolea wachanjaji mbuzi wanne tu, ukasema wengine umeuza. Nani asiyeogopa? Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hiki kimewaumbua hata wasioficha kitu.

Ameniambia yeye mwenyewe ndiye aliyemshika Bibi Harusi, asishikwe na mgeni. Ule uzi umezikwa naye, hairuhusiwi kutoa kitu.

Na ameniambia ulichomwuliza. Kwamba hukupiga kelele wala hukumtukana, ulisimama na kamba mkononi, kisha ukamwuliza, mama yako anajua? Naye akakujibu kwamba sijui lolote. Ukatikisa kichwa ukasema afadhali, dada yangu angejua angeniambia.

Mdogo wangu, nilijua.

Aliniambia kabla ya watu wote. Alifunga mlango akasema, mama, kazini wamekubaliana kuwaua mbuzi wote, na siwezi kukuziba mdomo kwa mdogo wako; lakini unamjua, akisikia atawahamisha usiku kuwapeleka kwa wakwe zake nyuma ya mlima, na wakivuka tu, wale swala wamekwisha. Akaniachia hapo. Kesho yake dereva anayewaletea chumvi akasimama mlangoni kwangu, gari linanguruma, akauliza kama nina mzigo wa kwako. Nikampa sabuni na ile dawa ya kifua. Akaniuliza tena, hakuna maneno? Nikamwambia salamu tu.

Ile dawa uliinywa, nadhani. Mwanangu anasema aliiona chupa dirishani.

Alikudanganya ili ubaki na dada. Nimeuchukua uongo wake siku zote hizi, kila nikitaka kulala unanikaa kifuani kama mtoto mgonjwa. Nimeshindwa. Kama ni kunichukia, unichukie kwa la kweli, usimchukie yeye peke yake. Yeye alifanya kazi yake. Mimi sikuwa na kazi pale, nilikuwa dada tu.

Ningependa kukwambia kwamba angalau kuna waliopona. Juzi alirudi kutoka upande wa pili wa mlima. Nilimwona tangu kwenye bomba, anazisugua buti zake, akimaliza anaanza upya, nikajua. Swala wako chini kote kule, wakubwa kwa watoto, na wengine ni mifupa tayari. Walianza kufa kabla mbuzi wako hawajaguswa. Ugonjwa ulivuka zamani, pengine na swala wenyewe, hauna haja ya kupelekwa na mtu. Kwa hiyo lile nililokunyima halikumwokoa mnyama hata mmoja. Kama ningekwambia wangekufa, na sikukwambia wamekufa, na zizi lako limefagiliwa bure.

Friji la pili limezimwa. Kumebaki kimya ndani ya chumba, sikujua kama lilikuwa linanguruma kiasi kile. Yeye anakwenda kazini, anarudi, anaketi. Nikimwambia ale anasema ndiyo mama, na sahani inabaki ilivyo. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kumchekesha.

Msifuge chochote kwenye zizi lile mpaka watu wa mifugo waseme, hata kama jirani atakupa mwana-mbuzi kwa huruma. Funika kifua. Mpe wifi salamu zangu kama atazitaka, na watoto uwabusu bila kuwaambia busu limetoka kwa nani.

Barua hii nimempa yule yule dereva. Safari hii nilimwambia kuna maneno. Akirudi nitasimama mlangoni kama kawaida yangu. Asiponiletea kitu sitakulaumu. Kimya hiki nilikianza mimi.

Ni mimi,
dada yako