Shabaha Yenye Mkuki

Kasongo, tarehe 9 Agosti 1956

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa Shabani, Kabambare,

Baada ya salamu zangu za heshima, ninakuandikia kuomba uamuzi wako: je, niingie katika chama cha kulenga shabaha, ambacho wazungu wa hapa wamewafungulia makarani?

Mke wangu Sidonie hajambo, na mtoto wetu ameota meno mawili.

Mjomba, Jumapili walinijaribu kabla hujanitemea mate ya baraka, ambayo kwetu mtu hupewa na mjomba wake kabla ya kushika bunduki. Shabaha ilikuwa ubao uliochorwa mtu mweusi mwenye mkuki. Nilimpiga kifuani, wazungu wakapiga makofi. Karani mwenzangu Kasimu akapaza sauti: "Ee Anaclet, leo umeua babu yako! Nani atamulilia?" Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kasimu hakujua kwamba baba yako aliuawa kwa bunduki za askari, akiwa na mkuki tu mkononi. Mimi nilijua.

Aibu yangu kubwa zaidi ni hii: mkono wangu haukutetemeka, na ninatamani kurudi.

Jumapili ijayo wanataka jibu. Tafadhali niambie: niingie, au nikatae?

Mpwa wako mtii,
Anaclet