Sarafu Niliyomzikia Len

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usicheke mpaka nimalize. Mimi ni fundi bomba mstaafu wa hapa Lincoln, Uingereza, shule niliiacha kabla haijanifukuza, lakini sarafu za shaba za Warumi nazijua, hasa ile niipendayo kuliko zote, ambayo ninayo moja halisi, yenye picha ya askari akimchoma mkuki adui aliyeanguka na farasi wake, na adui kageuka anainua mkono kuomba asimalizwe. Sasa miaka kumi na tisa iliyopita, kwa utundu tu, niliyeyusha bati na risasi jikoni, nikatoa nakala ya sarafu hiyo, nikaipaka kijani cha kutu, nikaizika kwenye shamba ambalo rafiki yangu Len Dawber hupita na mashine yake ya kutafutia vyuma, naye akaichimbua akatokwa na machozi, mimi nikashindwa kukiri, na tangu siku hiyo huionyesha kila Alhamisi kwenye chama chetu cha wapenda sarafu kama picha ya mjukuu.

Mwezi uliopita Len alikuja kunywa chai, sarafu yake mfukoni, akaomba ashike na yangu, mke wangu Mavis akaniita nimfungulie chupa ya achari, niliporudi namkuta Len anatabasamu, zote mbili kiganjani.

"Mapacha hawa, mzee mwenzangu," akasema. "Hata mkwaruzo wa tako la farasi!"

Tangu hapo yangu naiona nyepesi, na kila tukikutana ananiuliza, "Vipi Cedric, farasi wako hajambo?" Kwa nini aulizie farasi? Jumamosi mtaalamu wa makumbusho anakuja kukagua sarafu za wanachama wote. Kama Len kanibadilishia, nimwite mwizi mbele za watu? Na kama hakunibadilishia, ataumbuka yeye kwa kosa langu. Nifanyeje?

Cedric Mumby


Mzee Cedric, pole, ingawa nusu ya pole hiyo nampa Len. Umetengeneza feki nzuri hadi umejitapeli mwenyewe! Fundi gani asiyeijua kazi ya mkono wake? Huwezi kumwita mwizi bila kutaja nani aliipika hiyo nakala. Tena unamshuku mtu kwa tabasamu la chai moja, wakati wewe umemtabasamia miaka kumi na tisa.

Najua mkono unakuwasha uchukue sindano ukwaruze ukingo uone kama ndani ni kweupe kama bati. Acha. Ikiwa ndiyo ya kweli, utakuwa umeiharibu. Na Mavis usimtume, hili si lake.

Ijumaa nenda kwa Len peke yako, kabla mtaalamu hajafika. Weka sarafu yako mezani, useme yote kuanzia jikoni, bila kusingizia utundu. Jumamosi Len aende na anachotaka, au asiende.

Ukisema, mtazame usoni. Akilia, mwachie hiyo uliyokwenda nayo, urudi nyumbani mikono mitupu. Akicheka kabla hujamaliza, usimpe kitu: ya kweli ameshajichukulia.